Mama aliacha sukari, kipimo kikagoma kushuka

Mwaka jana nilimwita mama yangu mzazi mwongo. Neno lenyewe sikulitamka, lakini nilichosema kilikuwa na maana hiyo hiyo, naye alielewa hivyo. Tulikuwa tumetoka kliniki, tumekaa barazani kwake hapa Kilakala, karatasi ya kipimo iko mapajani mwangu. Sukari ya asubuhi, kabla hajala chochote, ilikuwa 16.8. Mwezi uliotangulia ilikuwa 15 na ushei. Kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kulia, alichokipata kwa kujikwaa kwenye jiwe, kilikuwa kimeingia wiki ya saba na hakikuonyesha dalili ya kufunga.

"Mama, sukari unakula," nikamwambia. "Haiwezekani iwe hivi."

Alinyamaza kidogo, akajifunga khanga yake upya. "Miezi mitano sijatia sukari mdomoni. Mimi niliyekuzaa ndiye wa kuambiwa hivyo?" Akainuka, akaingia ndani akichechemea. Siku tatu zilizofuata kila nikipiga simu alipokea binti yangu mkubwa, anayeishi na bibi yake kwa sababu shule yake iko karibu na pale. "Bibi anasema amelala," ananiambia. Saa kumi jioni!

Wazazi wenzangu, niseme kwanza kazi yangu, maana aibu ya kisa hiki iko hapo. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, hapa hapa mjini Morogoro, mwaka wa 17 sasa. Kupima sukari kwenye vyakula ni kazi ninayoifundisha kila mwaka. Nikiamshwa usiku wa manane naweza kuieleza bila kufungua daftari.

Wiki ile ile ya ugomvi nilikuwa nasahihisha mtihani wa vitendo wa kidato cha tatu. Mwanafunzi mmoja aliandika, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba asali haina sukari kwa kuwa asali ni dawa. Nikamchorea kosa kubwa kwa kalamu nyekundu, nikacheka peke yangu pale ofisini.

Jumamosi nikaenda kuomba msamaha, mkononi nina dagaa na mchicha. Nikamkuta mama jikoni, amejimiminia chai ya rangi. Pembeni ya kikombe kuna chupa ya asali, ile ambayo mjomba humletea kila anaposhuka kutoka Kinole na ndizi za kuuza sokoni kwa Kingalu. Akachota kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akakoroga.

"Mama, hiyo unaitumia tangu lini?"

"Tangu waliponikataza sukari. Hii ni asali, mwanangu. Haina shida."

Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Nikakumbuka kosa langu jekundu kwenye karatasi ya yule mtoto.

Mama hakuwa amesema uongo. Aliambiwa ana ugonjwa wa sukari, akaambiwa aache sukari, akaacha. Kwetu sukari ni ile nyeupe au ya kahawia inayopimwa kwa kilo dukani kwa Mangi. Na mkoa huu wa Morogoro ndio wenye viwanda vya Mtibwa na Kilombero, kwa hiyo ukisema sukari mtu anaona miwa na gunia, haoni mzinga wa nyuki. Kule kliniki aliulizwa, "Unatumia sukari?" Akajibu, "Situmii." Nami nilikuwa nimekaa kiti cha pili, na shahada yangu ya ualimu wa sayansi, sikuongeza swali.

Siku ile sikubishana naye. Namjua mama yangu: maneno hayamtoi kwenye msimamo, labda macho. Nikamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kutumia maabara Jumamosi iliyofuata. Tukapanda bajaji watatu, mama, binti yangu na mimi, tukiwa na kikapu kutoka jikoni kwake: asali ya mjomba, sukari ya dukani, maziwa, ndizi mbivu, ndizi mbichi na unga wa sembe. Mlinzi wa getini alituamkia mmoja mmoja akidhani tuna sherehe.

Mama alikaa kwenye stuli ndefu ya maabara, mguu wenye bandeji ameuegesha kwenye kiti kingine. Nikamwonyesha dawa ya Benedict, maji ya buluu iliyokolea kama anga la kiangazi. Inaitwa hivyo kwa jina la Mmarekani Stanley Benedict, mkemia aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi hospitali ziliitumia kupima mkojo wa wenye kisukari kabla vijimashine vya kutoboa kidole havijaja. Ndani yake kuna shaba. Ukiichemsha pamoja na sukari ya aina fulani, shaba ile hubadilika na rangi huhama kutoka buluu kwenda kijani, njano, rangi ya chungwa, mpaka nyekundu ya tofali kama sukari ni nyingi.

Binti yangu ndiye aliyefanya kazi, mimi nikasimama pembeni. Asali, matone machache kwenye maji: dakika mbili haikufika, tofali. Mama akainama kuangalia. Ndizi mbivu: tofali. Maziwa yakaganda kidogo na kugeuka rangi ya chungwa. Sembe ikabaki buluu. Ndizi mbichi ikapata ukijani kidogo tu. Kisha sukari ya dukani.

Buluu. Tukaichemsha tena. Buluu tupu.

Mama akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu tugombane. "Kumbe! Sukari haina sukari, asali ndiyo yenye sukari. Basi nirudishieni sukari yangu."

Binti yangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepanga mtihani ule kwa siku sita, nikasahau kwamba hatua hii, nisipoieleza, ingempeleka mama nyumbani akiwa na kosa baya kuliko alilokuja nalo. Darasani huwa nawaambia wanafunzi "matokeo haya ni ya kawaida, andikeni," tunasonga mbele. Mama si mtu wa kuambiwa andika.

Nikamwomba binti yangu asimame, tukatazamana. Nikamwambia mama: sukari ya dukani wataalamu wanaiita sukrosi, nayo si kitu kimoja, ni vitu viwili vilivyoshikana. Mimi ni glukosi, mjukuu wako ni fruktosi. Kila mmoja wetu amejengwa kwa atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Hesabu ni ile ile. Ila mimi nimejikunja nikafanya pete ya pembe sita, na yeye ndani ya sukari ya dukani amejikunja akafanya pete ya pembe tano. Ni kama mafundi wawili waliopewa tofali idadi moja, huyu akajenga nyumba hivi na yule vile. Kwa tofauti hiyo tu ya umbo, fruktosi ni tamu zaidi mdomoni, na mwili unazipokea kwa njia mbili: glukosi huingia moja kwa moja kwenye damu, na ndiyo ile inayosomwa na mashine ya kliniki, wakati fruktosi sehemu kubwa hupita kwanza kwenye ini.

Sasa kila pete ina sehemu moja inayoweza kufunguka. Tuiite mkono. Mkono huo ndio unaoigusa shaba na kuibadilisha rangi. Glukosi na fruktosi zinaposhikana kuwa sukrosi, zinashikana kwa mikono hiyo hiyo. (Zikishikana hutoa tone moja la maji, kwa lugha ya atomi, ndiyo maana jumla yake si hidrojeni 24 bali 22, na oksijeni 11.) Nikamshika binti yangu mkono. "Mama, hodi ikigongwa mlangoni, nani atafungua?"

"Hakuna," akasema. "Mmeshikana."

"Ndiyo maana shaba imebaki buluu. Sukari imo, ila mikono haiko huru."

Hakuridhika, na ninamsifu kwa hilo. Tukachukua sukari ile ile ya dukani, tukaichemsha na asidi kidogo ili kuzitenganisha, tukaipoza, tukatia magadi ya maabara kuiua ile asidi, ikatoa povu mama akarudi nyuma, kisha tukatia dawa ya buluu na kuchemsha. Tofali. Nyekundu kuliko ile ya asali.

"Ilikuwa imejificha," akasema mama.

"Ilikuwa imeshikana, bibi," binti yangu akamrekebisha. "Na tumboni hakuna haja ya asidi hii. Utumbo mwembamba una kimeng'enya chake cha kuzitenganisha."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya nyuki, ambayo nadhani ndiyo iliyomgeuza kuliko rangi zote. Maji matamu ya maua yana sukrosi ndani yake, ile ile ya kwenye miwa. Nyuki anayo kimeng'enya inayoivunja, na mzinga unapoikausha unachobaki nacho ni glukosi na fruktosi zilizokwisha kuachana. Katika gramu 100 za asali, takriban gramu 38 ni fruktosi na 31 ni glukosi. Maji ni kama 17. Kwa hiyo mama alikuwa anakunywa vipande vile vile viwili vilivyomo kwenye sukari ya Mangi, tena vikiwa vimeshavunjwa tayari. Na kijiko cha chai cha asali ni kizito. Hufikia gramu 7, na zaidi ya 5 kati ya hizo ni sukari, wakati kijiko kama hicho cha sukari ya dukani ni gramu 4 hivi. Vijiko 12 kwa siku! Alikuwa ameongeza, hakuwa amepunguza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikuiacha asali pembeni. Sukari ya kuongezwa kwenye chakula, asali na sharubati ya matunda vyote limeviweka kapu moja, likashauri kapu hilo lisizidi asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mtu anapata kwa siku, na kwamba kushuka hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Soda ya kawaida huwa na karibu gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya mtoto inamaliza kapu la mtu mzima na kulivuka. Tunda lenyewe la kutafuna halimo kwenye kapu hilo, lakini mwenye kisukari analihesabu, kwani damu yake haijali sukari imetoka wapi.

Tuliendelea na ndizi. Binti yangu alidondoshea ayodini kwenye kipande cha ndizi mbichi, kikawa cheusi chenye ubuluu. Huo ni wanga. Na wanga ni nini? Ni glukosi na glukosi na glukosi, mamia kwa maelfu, zimetungwa kama shanga za kiunoni. Ndizi ikiwa inaiva, shanga zinakatika, zinageuka sukari. Ndiyo maana ile mbichi haina utamu na ile mbivu inanata mkononi. Ni ndizi ile ile ya Kinole, mkungu ule ule, imepishana siku chache tu.

Ugali nao ni shanga. Nikimwambia mzazi kwamba ugali ni glukosi huniona nimechanganyikiwa, lakini jaribuni na watoto nyumbani: tafuna tonge dogo la ugali mkavu au kipande cha mkate usio na sukari kwa dakika moja au mbili bila kumeza. Utamu unakuja wenyewe. Mate yana kimeng'enya kinachokata shanga hizo mbili mbili, na glukosi mbili zilizoshikana ni sukari nyingine, maltosi. Mama alijaribu pale pale na mkate wa binti yangu. Alitafuna, akatulia, akasema, "Tutakula nini sasa?"

Swali hilo ni la haki, na sikuwa na jibu la mbio. Jibu alilipata kliniki kwa mtaalamu wa lishe, na si la kuacha ugali: kiasi cha sahani, mboga za majani kwanza, maharage, tonge dogo kuliko alilolizoea. Mnyororo mrefu wa wanga unachukua muda kukatwa, hasa ukiliwa na mboga na maharage, ila mwishowe unafika.

Maziwa niliyaruka haraka kwa sababu mama alikuwa amechoka, ila kuna jambo lake. Sukari ya maziwa ni laktosi, glukosi iliyoshikana na galaktosi. Galaktosi ni glukosi ambayo kundi moja tu la oksijeni na hidrojeni, kwenye kaboni ya nne, limegeukia upande wa pili. Kwenye laktosi mkono mmoja unabaki huru, ndiyo maana maziwa yaligeuza rangi bila asidi. Watu wazima wengi mwili wao huacha kutengeneza kimeng'enya cha kuitenganisha, wakinywa maziwa freshi tumbo linaunguruma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa huku kwetu uwezo huo hubaki ukubwani kwa sababu ya mabadiliko ya vinasaba. Mimi Mluguru wa kulima mlimani kikombe kimoja kinanitosha kukosa amani mchana kutwa. Mtindi nauweza, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi.

Tulirudi Kilakala mchana. Mama hakusema kitu kwenye bajaji. Tulipofika alichukua chupa ya asali akampa jirani ambaye hana kisukari. Mimi nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa maneno ya siku ile." Akasema, "Weka maji ya chai." Kwa anayemjua, hilo ni jibu.

Chai ilikuwa chungu. Alikunja uso wiki mbili, akazoea, akaanza kutia iliki na mdalasini. Kipimo cha mwezi uliofuata kilikuwa 11.2. Uliofuata, 8.9.

Lakini wenye wagonjwa wa namna hii nyumbani nisiwafiche kilichotokea mwezi wa tatu. Mama alikuwa ameingiwa na hofu, sasa anapunguza kila kitu. Asubuhi moja alimeza vidonge vyake vya kushusha sukari, hakula, akatoka kufagia uwanja. Binti yangu alimkuta ameshikilia mti wa mwembe, anatetemeka, jasho linamtiririka na asubuhi ile kulikuwa na baridi ya mlimani. Anaongea maneno yasiyofuatana. Mtoto akakumbuka maabara. Akakimbilia jikoni, akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye nusu bilauri ya maji.

Mama akaisukuma bilauri. "Si mliniambia niache?"

"Bibi, kunywa. Leo imepungua kwenye damu." Alimbembeleza kama mtoto mdogo, na kwa kuwa bado alikuwa na fahamu na anaweza kumeza, akanywa. Chapati za jana zilikuwepo mezani, lakini binti yangu alizipita. Aliniambia baadaye, "Mama, chapati ni shanga ndefu, zingechelewa, na mafuta yake yangezidi kuzichelewesha." Baada ya kama robo saa mikono ya bibi ikatulia, ndipo akampa chakula. Angekuwa amepoteza fahamu, kumtilia kitu mdomoni kungeweza kumpalia. Hapo ni kumlaza ubavu na kumkimbiza hospitali.

Daktari alipunguza dozi ya vidonge, na mama akaagizwa asimeze kabla hajapata kifungua kinywa. Kidonda kilifunga mwezi wa nne. Kidole kimebaki na kovu jeusi ambalo humwonyesha kila mgeni.

Ukutani jikoni kwake sasa kuna karatasi ya nyuma ya kalenda ambayo binti yangu ameichorea pete mbili zilizoshikana, moja ya pembe sita na nyingine ya tano. Ya pembe sita ameikosea, ina saba. Nimeiacha hivyo hivyo.

Juzi mjomba alishuka tena na ndizi, akaja na chupa mpya ya asali kifuani mwa koti, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Mama akaipokea, akaiinua juani akaiangalia, akamshukuru kaka yake. Kisha akamwita mjukuu wake aipeleke kwa jirani.

"Siku hizi hupendi asali, dada?" mjomba akauliza.

"Naipenda sana," mama akasema. "Lakini ni ile ile ya dukani, imeachana mikono tu."

Mjomba akanigeukia mimi, akisubiri tafsiri.